Kiganja cha Jeconia

Kila asubuhi kwa karibu miaka arobaini, kabla hajaonja chai, Jeconia Wanyama amekuwa akiwasalimia farasi kwa kuwapapasa miguu. Huanzia gotini, kiganja kikateremka polepole juu ya mshipa wa nyuma, kikapita kifundo, kikatua kwenye kwato na kutulia hapo kwa muda. Mguu wa baridi ni mguu mzima. Mguu wenye joto una neno, na neno hilo Jeconia hulijua kabla ya daktari, kabla ya mwenye farasi, na pengine kabla ya farasi mwenyewe. Watu wa upande huu wa Moi's Bridge watakuambia kwamba ukimpa Jeconia mkono anajua hapo hapo kama una malaria. Wametia chumvi, lakini si nyingi.

Hakuzaliwa na farasi. Alitoka kwao Webuye akiwa na miaka kumi na tisa, kuja kupalilia mahindi katika shamba la Mzee Mungai, na siku ya kwanza alipomwona farasi kwa karibu alipanda juu ya tela la trakta akakataa kushuka. Mzee Mungai alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akasema kwamba mtu anayeogopa kitu namna hiyo atakitunza kwa uangalifu, na siku ile ile akamfanya saisi. Kazi ya saisi ni kumlisha farasi, kumsugua, kumtembeza, na kumjua kuliko anavyomjua mkewe. Hilo la mwisho mke wa Jeconia amelilalamikia tangu waoane.

Huyo Mzee Mungai alikuwa na ukaidi wake. Alikuja kutoka Kiambu akanunua shamba pamoja na farasi walioachwa na mzungu aliyerudi kwao, na majirani wote wakamshauri awauze anunue ng'ombe wa maziwa, kwa maana farasi hakamuliwi wala haliwi. Yeye akawazalisha. Siku hizo wenye mashamba makubwa walikuwa wakikutana kila sikukuu kushindanisha farasi mbio za kuruka viunzi: magogo, nyua za michongoma, na mwishoni mtaro wa maji. Nani kashinda na nani katumbukia mtaroni, hayo yalizungumzwa sokoni mpaka sikukuu nyingine ikafika. Wa mwisho kuzaliwa na kuruka katika shamba hilo walikuwa wawili. Mmoja ni Sajenti, dume wa rangi ya kahawia mwenye alama nyeupe usoni. Wa pili ni Mrembo, jike wa kijivu ambaye hakuwahi kuwa mrembo hata siku moja.

Sajenti ndiye aliyemdai Jeconia deni la moyoni, na sababu yake kila mtu hapo anaijua. Mwaka ambao mke wake alishikwa na uchungu wa kitinda mimba wao, mto ulikuwa umefura, daraja limefunikwa, na mwenye boda boda aliyeitwa alifika ukingoni, akatazama maji, akageuza. Jeconia hakuomba ruhusa ya mtu. Alimtoa Sajenti zizini, farasi aliyekuwa akitayarishwa kwa mbio za Krismasi, akampandisha mkewe, akapanda nyuma yake na kuingia mtoni. Farasi aliyezoea mitaro hakuogopa maji. Maji yalimfika kifuani, akayakata, akawavusha, na Nafula alizaliwa kwenye zahanati saa moja baadaye. Jeconia alirudi shambani akiwa tayari kufutwa kazi. Mzee Mungai alimtazama yeye, akamtazama farasi wake wa mbio akiwa amejaa matope mpaka masikioni, akauliza tu mtoto ameitwa nani.

Sasa Nafula yuko kidato cha pili. Mbio zenyewe zilikufa taratibu bila mtu kuzitangazia kifo: mashamba yaligawanywa, magogo yakawa kuni, mtaro wa maji ukapandwa sukuma wiki. Mzee Mungai naye alifariki mwaka juzi. Mjane wake, Mama Waithira, alihamia mjini Eldoret, mtaa wa Pioneer, kwa binti yake Janice, na mwaka huu watoto wakakubaliana kwamba mvua za Machi zisikute malisho ya farasi yakiwa nyasi. Yangelimwa, yapandwe mahindi. Hapo ndipo swali la Sajenti na Mrembo lilipoanza kuwakosesha watu usingizi, kwa sababu mmoja alikuwa na miaka ishirini na minne na mwingine ishirini na miwili, na hakuna anayenunua farasi wa umri huo kwa nia njema.

Janice aliuliza huku na huku. Mahali fulani Nairobi wanakofundisha watu kupanda farasi walitaka wenye umri mdogo. Mwenye kuuza mchanga alitaka wa kuvuta mkokoteni, na alipokuja kuwaangalia aliwafungua midomo kutazama meno kabla hata ya kuwasalimu watu. Jirani mmoja alishauri wapigwe risasi yaishe. Mama Waithira alisikiliza yote, kisha Jumatatu moja akaja shambani mwenyewe, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni pa zizi, na kumwita Jeconia.

"Jeconia," akasema, "hawa farasi walikuwa wa Mungai na wako. Mimi sikuwahi kuwajua. Chenye utasema, ndio tutafanya. Daktari anakuja Jumamosi kuwaangalia, halafu wewe useme. Lakini usiniambie ya kunifurahisha."

Jeconia alimshukuru. Alishukuru kwa dhati, kwa sababu katika maisha yake hakukumbuka ni lini mtu aliwahi kungoja neno lake kabla ya kuamua jambo kubwa. Lakini alipobaki peke yake shukrani ile ilianza kumlemea. Angesema nini? Akikosea upande mmoja, atakuwa amewaua wanyama wazima. Akikosea upande wa pili, ni mkokoteni wa mchanga.

Msaada ulikuja Jumatano, na ulikuja ukichechemea. Jepchumba, aliyekuwa mkimbiaji wa mita elfu tatu kuruka viunzi na maji kabla goti halijamwambia basi, alikuwa amesikia habari kwa watu wa boda boda. Ana shamba lake sasa, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka hapo, na humo anafundisha wasichana wanane kukimbia. Alipokuwa na miaka kumi alikuwa akipita katikati ya malisho ya Mzee Mungai akienda shule, na kila akifika kwenye magogo ya farasi aliyaruka, na sketi yake ya shule, na mkoba mgongoni. Jeconia alimfukuza kwa fimbo siku mbili. Siku ya tatu alichoka, akaegemea ua, akamwangalia, na mwishowe hakuweza kujizuia. Alimwambia kwamba anaharibu kwa kutazama gogo. Sajenti hatazami gogo. Anatazama pale anapotaka kutua. Msichana akajaribu. Tangu siku hiyo Jeconia alikuwa akishusha gogo moja kila asubuhi kabla ya saa ya shule na kulirudisha mahali pake akishapita.

Jepchumba hakusahau. Alimwambia Jeconia kwamba nyasi anazo, maji anayo, na punda wawili wa kuwapa kampani. Angewachukua wote wawili na wangekufia kwake wakiwa wameshiba. Aliomba jambo moja tu: daktari aseme kwamba wanaweza kutembea mpaka kwake, kwa kuwa lori la kubeba farasi lisingepatikana, na yeye hangeweza kumtunza mnyama mgonjwa. Jeconia alishukuru mpaka akakosa maneno, na Jepchumba, ambaye hapendi kushukuriwa, akaenda kuwasalimia farasi.

Kwa hiyo mambo yalikuwa yamenyooka. Alhamisi asubuhi Jeconia alipiga magoti kando ya Sajenti kama kawaida, kiganja kikateremka, kikafika kwenye kwato za mbele. Zilikuwa moto.

Alijaribu tena kwa mkono wa kushoto. Akangoja, akaenda kunywa chai, akarudi akajaribu mara ya tatu. Juu ya kwato, pale mshipa unapodunda, palikuwa panadunda kwa nguvu. Alimtoa nje akaona hatua zake zimekuwa fupi, na kwamba akisimama anaegemea nyuma, anazikwepa kwato za mbele zisibebe uzito. Jeconia alikuwa ameona ugonjwa huo mara mbili maishani mwake, na farasi wote wawili walizikwa hapo hapo shambani.

Mwenye akili timamu angempigia daktari simu. Lakini saisi wa zamani ana akili nyingine, na hiyo ndiyo iliyomwingia Jeconia. Enzi za mbio, asubuhi kabla ya waamuzi kuja kukagua farasi, masaisi wengine walikuwa na ujanja wao: farasi mwenye mguu wa moto alipelekwa mtoni kungali mapema, akasimamishwa ndani ya maji baridi saa nzima. Maji yalifyonza joto, yakalaza maumivu. Kwa saa mbili tatu farasi huyo alitembea vizuri, na kiganja cha mwamuzi hakikukuta kitu. Jeconia aliwahi kuufanya ujanja huo mara moja tu katika ujana wake. Mzee Mungai alipogundua alimnunia wiki nzima, na Jeconia akaapa kwamba hatarudia ng'o.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mtoni, amevaa gambuti, ameshika kamba ya Sajenti. Ulikuwa mto ule ule. Farasi alisimama ndani ya maji kwa utulivu mkubwa, akashusha kichwa, akapumua kwa namna ya kupata nafuu, na Jeconia akajiambia kwamba hakuna ubaya, angalia jinsi anavyoburudika. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja. Saa moja na nusu akamtoa, akamkausha miguu kwa gunia mpaka manyoya yakasimama.

Daktari wa mifugo, Linah Kavetsa, alifika saa mbili. Ana kliniki ndogo karibu na Chepkoilel na hutibu zaidi ng'ombe, lakini farasi anawajua. Alimwangalia Mrembo kwanza, meno, macho, moyo, miguu, akasema bibi huyu ana miaka mingine ya kutusumbua. Kisha akaja kwa Sajenti. Mkono wake ulipopita miguuni aliuliza kama ameoshwa. Jeconia alijibu kwamba ndiyo, amemwosha kwa heshima ya daktari. Kavetsa akatabasamu. Alimtembeza huku na kule juu ya nyasi laini, akasema ni mzee, viungo vimekakamaa, lakini akienda polepole atafika. Mama Waithira alifunga macho akasema, "Bwana asifiwe." Jepchumba, aliyekuja kusikia neno la daktari, alimkumbatia farasi shingoni. Janice, aliyekuwa amemleta mama yake kwa gari, akafungua chupa ya chai na mkebe wa mandazi, na watu wakaketi nyasini wakipanga safari ya Jumatatu.

Jeconia hakuketi. Alisema anamrudisha Sajenti kivulini. Walikuwa wamefika nusu ya njia, penye changarawe, farasi aliposimama. Hakuvuta kamba wala kugoma. Alisimama tu, akaegemea nyuma, mwili ukamtetemeka mabegani, na akageuza kichwa kumtazama mtu aliyekuwa amemtunza tangu alipodondoka kutoka tumboni mwa mama yake. Jua lilikuwa limepanda. Jeconia alipiga magoti, kiganja kikateremka chenyewe. Maji yalikuwa yamekwisha kazi yake.

Alikaa pale chini kwa muda, mkono juu ya kwato. Aliwaza Jumatatu: saa mbili za barabara ya murramu, mawe, vumbi, na huyu nyuma yake akimfuata kwa sababu hajawahi kukataa kumfuata popote. Mtoni, mwaka ule wa Nafula, farasi huyu hakumdanganya. Alimvua Sajenti kamba ili asimame anavyotaka, akarudi kwenye chai.

"Daktari, nimekudanganya," akasema, kofia mkononi. "Hiyo miguu ilikuwa ndani ya mto tangu saa kumi na mbili. Kwato zake ni moto tangu Alhamisi."

Kavetsa aliweka kikombe chini, akachukua mkoba wake, wote wakamfuata mpaka penye changarawe. Safari hii hakuwa na tabasamu. Alibana kwato kwa koleo lake, na Sajenti akaunyakua mguu. Daktari alieleza kwamba mfupa ulio ndani ya kwato umeanza kuzama, kwamba dawa zingemnunulia wiki chache za maumivu na hakuna zaidi. Halafu akamgeukia Jeconia, akamwambia bila kupaza sauti kwamba kama angenyamaza, Jumatatu farasi huyu angetembezwa kwa miguu hiyo. Jeconia alisema anajua. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta.

Mama Waithira alikuwa bado ameshika kikombe chake cha chai. Alimwelekea Jeconia.

"Nilikuambia usiniambie ya kunifurahisha."

"Ndiyo, Mama."

"Mungai angekununia wiki nzima. Mimi sina wiki. Umesema ukweli, hata kama umechelewa. Kwa hivyo bado ni wewe unasema. Sema."

Jeconia alikuwa ameomba Mungu siku tano ili asilazimike kutamka maneno hayo. Akapiga moyo konde. "Sajenti apumzike leo," akasema. "Mrembo aende kwa Jepchumba."

Mama Waithira akakubali kwa kichwa. Lakini Kavetsa alipoanza kuvuta dawa kwenye sindano, mama huyo alimsimamisha. Katika kanisa lake, alisema, hata mfagiaji akistaafu husimamishwa mbele akashukuriwa, watu wakanywa chai. Huyu amefanya kazi katika boma lake tangu apate nguvu za kuruka, na chai ipo tayari. Haondoki hivi hivi. Janice alitaka kucheka, akaona mama yake hatanii, akajizuia. Daktari aliingiza kwanza sindano ya kutuliza maumivu, ili mstaafu asikilize kwa raha, na wakamwongoza hatua chache mpaka kwenye nyasi.

Basi wakasimama, watu watano na farasi jike aliyekuja kuchungulia uani. Mama Waithira alimshukuru Sajenti kwa kumrudisha mume wake nyumbani akiwa na furaha jioni nyingi, hata zile ambazo hakushinda. Jepchumba alimshukuru kwa kumfundisha kutazama pale atakapotua. Akasema amekimbia nchi nyingi na hakuna kocha aliyempa neno kubwa kuliko hilo. Janice alikumbuka kwamba aliwahi kumwuma kofia ya shule, akamshukuru pia kwa sababu ilikuwa kofia mbaya. Hapo watu wakacheka kidogo, na kicheko kile kiliwasaidia wote. Daktari Kavetsa alisema yeye ni mgeni, lakini anashukuru kwamba ameletewa ukweli kwa wakati.

Ikafika zamu ya Jeconia. Alikuwa amepanga maneno mengi. Alikuwa aeleze juu ya maji ya kifuani, na Mzee, na asubuhi zote zile. Aliweka paji la uso wake kwenye alama nyeupe ya Sajenti, na yaliyotoka ni haya tu:

"Asante ya Nafula. Na pole ya leo asubuhi."

Kisha akamshika kichwa mpaka mwisho. Sajenti alipiga magoti kwanza, halafu akalala upande, taratibu, na Jeconia akalala naye mpaka pumzi ilipokwisha. Mrembo aliletwa amnuse. Alimnusa muda mrefu, akaenda kula majani. Trakta iliyoletwa kwa ajili ya kulima ndiyo iliyochimba kaburi, na Mama Waithira alimwagiza dereva, bila kueleza sababu, kwamba pembe hiyo ya shamba isiguswe na jembe.

Jumapili Jeconia alikwenda kanisani na Nafula, akatoa sadaka ya shukrani. Mwinjilisti alipomwuliza anashukuru kwa lipi, alisema ni mengi, na akaketi.

Jumatatu aliondoka na Mrembo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bila haraka, kamba ikiwa imelegea. Mara mbili jike yule alisimama akatazama nyuma na kuita, na Jeconia alimngoja mpaka akamaliza. Walipofika, Jepchumba na wasichana wake walikuwa wamepanga mstari langoni, na punda wawili wamekaza masikio. Mambo mengine Jepchumba alikuwa ameshayapanga: Jeconia angekuja siku tatu kwa wiki kumhudumia Mrembo, na siku hizo, goti la mwalimu likikataa, awaonyeshe wasichana jinsi ya kufikiri juu ya gogo. Aliyasikia hayo na kushukuru tena, na Jepchumba akamwambia akishukuru mara nyingine atamkimbiza kwa fimbo.

Kisha akamwuliza kama Mrembo yuko sawa baada ya safari.

Jeconia alipiga magoti kwenye vumbi la langoni, akapitisha kiganja mguu mmoja baada ya mwingine, yote minne, kutoka gotini mpaka kwenye kwato. Miguu ilikuwa na vumbi la murramu, mikavu kabisa, na ilikuwa baridi.

"Yuko sawa," akasema.